Maniema: Kabla ya kuzungushia shamba jipya uzio, mpaka ukubaliwe kwanza

LUSANGI – Kusini mwa jimbo la Maniema, upande wa Kasongo na Kabambare, mtu akipata shamba jipya, jamaa na marafiki humuuliza swali moja: utalizungushia nini? Wengine humshauri waya wa miiba, wengine miti, wengine mianzi. Swali hilo ni la haki, kwa maana mbuzi wa jirani hangoji mwenye shamba ajipange. Lakini kuna swali linalotangulia, na wengi hulikumbuka wakati nguzo zimekwisha kusimama: je, mstari ambao uzio utapita unakubaliwa na watu wanaoishi pande zake zote?

Katika eneo hili la savana na misitu ya kando ya mito, ambapo familia nyingi huishi kwa mpunga, mihogo, mahindi, karanga na mafuta ya mawese, uzio, au lupango kama wengi wanavyosema, si kitu kidogo. Unalinda mazao na kuzuia mifugo isipotee. Lakini pia unaweza kufunga njia ya maji, kukata njia ya shamba la mama mjane, au kumeza kaburi la ukoo mwingine. Hapo ndipo kesi huanza, na kesi ya ardhi huku kwetu haiishi kwa urahisi. Baba huifungua, mjukuu akaendelea nayo.

Makala hii inaeleza hatua ambazo mwenye shamba jipya anapaswa kufuata, kuanzia karatasi hadi mlango wa mwisho, na kwa nini kupanga kunaokoa fedha nyingi kuliko kukimbilia kununua waya.

Unachonunua si udongo

Jambo la kwanza ni kuelewa kile ambacho mnunuzi analipia. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema wazi katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake, na mali hiyo haiwezi kuuzwa. Kile ambacho raia anapata ni konsesio, yaani haki ya kuitumia ardhi. Kwa hiyo mtu anayesema “nimenunua shamba” kwa kweli amenunua nyumba, miti, mazao na haki ya matumizi ambayo mwenzake alikuwa nayo, kama kweli alikuwa nayo.

Hapa kuna mtego. Kusini mwa Maniema, sehemu kubwa ya ardhi za vijiji iko chini ya mila. Chifu au mkuu wa ukoo ndiye anayemwonyesha mtu mahali pa kulima. Sheria hiyo ya 1973, katika vifungu vya 387 hadi 389, inazitambua ardhi ambazo jamii za wenyeji wanaishi, wanalima au wanatumia kwa njia yoyote kufuatana na mila, lakini inaziweka pia katika mali ya Serikali. Matokeo yake ni kwamba kila shamba lina milango miwili: mlango wa mila na mlango wa ofisi. Anayepita mlango mmoja tu anabaki nusu nje.

Karatasi iliyotiwa saini na chifu ni muhimu, kwa sababu inaonyesha kwamba wenyeji walikubali. Lakini mbele ya sheria, haki ya konsesio inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Kabla ya kufika huko, ardhi ya mashambani hufanyiwa uchunguzi: maofisa huangalia kama kuna watu wanaoitumia, mipaka yake ni ipi, na wenye malalamiko husikilizwa. Mpima ardhi hupima na kupanda mawe ya mpaka. Ndipo mkataba na sertifika hufuata.

Yule anayejenga uzio kabla ya uchunguzi huo anajihatarisha mara mbili. Kwanza, mstari wa waya unaweza kutofautiana na mstari wa mpima ardhi, na kung'oa nguzo mia tano ni hasara kubwa. Pili, majirani wakiona waya kabla ya kuulizwa, hata yule asiyekuwa na neno atatafuta neno.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi wengi hulisahau: muuzaji si mtu mmoja. Shamba la marehemu baba lina warithi, wake kwa waume. Kaka mkubwa akiuza peke yake, wadogo zake na dada zake wanaweza kurudi miaka mitano baadaye na kudai sehemu yao. Ni heri kuwaita wote, hata wale wanaoishi Kindu, Kalemie au Bukavu, saini zao ziwe kwenye karatasi moja, mbele ya mashahidi.

Tena, uzio hauleti haki juu ya kilichoko chini ya ardhi. Eneo la Kabambare linajulikana kwa dhahabu, hasa upande wa Salamabila na Namoya. Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inatenganisha haki ya ardhi na haki ya madini. Mwenye shamba anaweza kudai fidia, lakini hawezi kusema dhahabu ni yake kwa sababu iko ndani ya waya wake. Kabla ya kulipa, ni vizuri kuuliza kama mahali hapo pameombwa na kampuni au kama wachimbaji wadogo wamekwisha kufika.

Tembea mpaka kwa miguu, pamoja na majirani

Hatua ya pili haigharimu fedha nyingi, lakini ndiyo inayozuia kesi nyingi kuliko zote. Mnunuzi, muuzaji, mkuu wa kijiji, wazee wawili au watatu na majirani wote wa mpaka hutembea pamoja, kutoka pembe moja hadi nyingine, bila kuruka hata upande mmoja. Anayetumia simu yenye GPS anaweza kurekodi kila pembe. Asiye nayo anaweza kuweka alama kwa mti unaojulikana, jiwe au kichuguu, ingawa kichuguu kinaweza kubomolewa na mti kukatwa.

Katika matembezi hayo, maswali ya kuuliza ni haya. Watu wanapita wapi wanapokwenda mtoni? Wanawake wanateka maji wapi wakati wa kiangazi, visima vinapokauka? Njia ya kwenda makaburini ni ipi? Nani alilima hapa mwaka uliopita na ameacha mihogo isiyovunwa? Mihogo inaweza kubaki ardhini zaidi ya mwaka mmoja, na aliyeipanda ana haki ya kuing'oa. Nani ana michikichi ndani ya shamba? Uyoga na kuni vinatafutwa upande gani?

Majibu huandikwa. Kila kitu kilichokubaliwa huingia katika PV moja, yenye mchoro wa shamba, majina ya waliokuwepo na saini au alama ya kidole. Nakala moja hubaki kwa mkuu wa kijiji, moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, na nyingine huambatanishwa na ombi linalopelekwa ofisi ya ardhi. Siku jirani atakapofariki, mtoto wake ataonyeshwa PV hiyo.

Hesabu inayoshangaza

Wengi hupanga uzio kwa kufikiria ukubwa wa shamba. Lakini uzio haufuati hekta, unafuata mzunguko. Mashamba mawili yenye ukubwa sawa yanaweza kuwa na gharama tofauti kabisa.

Tuchukue mfano wa shamba la hekta 20. Likiwa na upana wa mita 400 na urefu wa mita 500, mzunguko wake ni mita 1.800. Shamba lingine la hekta 20 hizo hizo, lakini refu na jembamba, mita 100 kwa mita 2.000 kando ya barabara, lina mzunguko wa mita 4.200. Ni zaidi ya mara mbili. Anayechagua shamba kwa sababu linagusa barabara kwa urefu wote ajue kwamba atalipia urefu huo kwa nguzo na waya.

Turudi kwenye shamba la mita 1.800. Nguzo zikisimama kila baada ya mita 3, zinahitajika 600. Mti mmoja wa wastani ukitoa nguzo nne, hiyo ni miti 150. Waya wa mistari minne ni mita 7.200. Kama roli moja lina mita 400, hayo ni maroli 18, bila kuhesabu misumari ya kupinda, pembe na milango. Urefu wa roli hutofautiana, kwa hiyo muuzaji aulizwe mita, si uzito tu. Kisha mnunuzi achukue bei za leo za Kasongo, aongeze usafiri wa lori au pikipiki na mishahara ya vibarua, agawanye kwa 1.800. Atapata bei ya mita moja ya uzio. Namba hiyo ndiyo ya kuweka mezani wakati familia inajadili.

Mara nyingi, namba hiyo ikitoka, familia inaona kwamba fedha za uzio zinazidi fedha za mifugo. Ndiyo maana wafugaji wazoefu hawaanzi na mzunguko mzima. Wanaanza na vitu viwili: zizi la usiku na bustani au shamba la chakula. Zizi la mita 6 kwa 8, linalotosha mbuzi wapatao 30, lina mzunguko wa mita 28 tu. Mchana, mbuzi wanachungwa na mtu. Usiku wamefungiwa. Shamba la mpunga au la mboga linazungushwa peke yake. Mzunguko mkubwa unajengwa polepole, upande mmoja kila mwaka, kuanzia upande wenye matatizo.

Mnyama gani, uzio gani

Uzio wa ng'ombe haumzuii mbuzi, na uzio wa mbuzi haumzuii nguruwe. Ng'ombe anazuiwa na mistari minne ya waya wa miiba, wa chini ukiwa kama sentimita 30 kutoka ardhini na wa juu kama mita 1 na sentimita 20. Mbuzi atapita katikati ya mistari hiyo bila kuchelewa. Anahitaji fito zilizobanana, mianzi, au wavu wa waya. Nguruwe hupita chini. Kwake fito za chini huzikwa ardhini.

Kwa ng'ombe, kuna jambo ambalo uzio haulitatui. Kando ya mito na ndani ya misitu ya bonde kuna mbung'o, nzi anayeleta ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Waya haumzuii nzi. Anayefikiria kuleta ng'ombe aulize kwanza veterineri wa teritwari, na afahamu kwamba kuna aina kama N'Dama, ng'ombe wadogo wenye asili ya Afrika ya Magharibi, ambao huvumilia nagana kuliko ng'ombe wengi wa nyanda za juu. Zizi lisijengwe karibu na kichaka cha mto, hata kama kivuli chake kinavutia.

Pia hekta 20 si nyingi kwa ng'ombe. Katika savana, ng'ombe mmoja anaweza kuhitaji hekta kadhaa ili ashibe mwaka mzima. Anayezungushia hekta 20 na kuingiza ng'ombe 50 amejenga gereza la njaa. Kiangazi kikifika, ng'ombe hao watavunja uzio wowote.

Waya wa miiba au miti hai?

Waya una faida moja kubwa: unafanya kazi siku ile ile unapofungwa. Ubaya wake ni kwamba hautengenezwi huku, unasafiri mbali, unashika kutu, na unaweza kuibiwa usiku mmoja. Nguzo zake za mbao nazo zina adui wawili wakubwa, mchwa na moto.

Uzio wa miti hai unachelewa, lakini ukishika, hauibiwi. Katika sehemu nyingi za Congo na nchi jirani watu hutumia mbono kaburi, mti ambao wataalamu huuita Jatropha. Majani yake hayaliwi na mbuzi wala ng'ombe, na kijiti kilichokatwa huota upesi. Wengine hutumia mnyaa, mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani mengi, unaotoa maziwa meupe. Katika nchi ya Wasukuma, Tanzania, uzio wa minyaa kuzunguka miji ni jambo la kawaida.

Miti hiyo ina tahadhari zake. Mbegu za mbono kaburi ni sumu, na watoto huzipenda kwa sababu zinafanana na karanga. Maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni yanaunguza vibaya. Usipandwe karibu na shule wala uwanja wa nyumba, na anayeukata alinde macho.

Hesabu ya miti hai nayo ifanywe. Kwa mita 1.800, vijiti vikipandwa kila sentimita 25, vinahitajika 7.200 kwa mstari mmoja. Mistari miwili inayopishana, ambayo ndiyo inayozuia mbuzi vizuri, inahitaji 14.400. Vijiti hukatwa kwenye miti iliyokomaa, huachwa kivulini siku chache ili jeraha likauke, kisha hupandwa mvua zinapoanza, mwezi wa Septemba au Oktoba. Vinavyokufa hujazwa mwaka unaofuata. Uzio wenye matundu kumi ni sawa na uzio usiokuwepo, kwa sababu mbuzi wote wa kijiji watajua tundu lilipo.

Wengi huchanganya njia hizi mbili, na huenda hiyo ndiyo bora kwa mtu mwenye fedha kidogo. Mistari miwili ya waya inafungwa leo kwenye nguzo za kawaida, na miti hai inapandwa chini yake. Nguzo zinapooza baada ya miaka michache, miti imekuwa minene vya kutosha kubeba waya.

Nguzo, mchwa na moto

Nguzo nzuri ni ya mti mgumu, iliyokatwa wakati wa kiangazi, ikatolewa maganda na kukaushwa kabla ya kusimikwa. Nguzo ya kawaida huingia ardhini sentimita 60 hivi. Nguzo za pembe na za mlango, ambazo zinabeba nguvu yote ya waya uliovutwa, ziwe nene zaidi, zizikwe karibu mita moja, na zitegemezwe na mti wa mshazari. Pembe ikilegea, waya wote unalegea.

Watu wengine huchoma ncha ya nguzo kabla ya kuizika. Inaweza kuchelewesha mchwa, lakini haiwafukuzi milele. Kupaka mafuta machafu ya injini ni desturi nyingine, lakini mafuta hayo huingia ardhini na majini. Yasitumike karibu na kisima au mto.

Waya ufungwe upande wa ndani, ule wanaosimama ng'ombe, ili wakisukuma, waya ugandamize nguzo badala ya kung'oa misumari. Misumari isipigiliwe hadi mwisho. Waya uweze kuvutwa tena ukilegea.

Kisha kuna moto. Kuanzia Juni hadi Agosti, majani yanapokauka, pori huchomwa kwa sababu nyingi: kuwinda, kusafisha mashamba, kupata majani mapya. Moto mmoja unaweza kula nguzo 600 mchana mmoja. Dawa yake ni kulima ukanda wa mita 3 hadi 5 pande zote mbili za uzio kabla ya kiangazi, na kuuweka safi. Upande wa ndani ukanda huo unaweza kuwa njia ya kukagua uzio. Upande wa nje, jirani aliyekubaliana na mpaka anaweza kupanda karanga au viazi vitamu, akawa mlinzi wa uzio bila mshahara.

Milango ni mingi kuliko unavyofikiri

Mwaka 1874, huko Marekani, mkulima Joseph Glidden wa Illinois alipata hati ya uvumbuzi wa waya wa miiba uliokuja kutumika duniani kote. Haikupita miaka kumi kabla ya waya huo kuleta vita. Katika jimbo la Texas, wafugaji wakubwa walizungushia maeneo makubwa, wengine wakafunga hata barabara na mito. Mwaka 1883, watu waliokosa njia na maji walianza kukata waya usiku, na damu ikamwagika. Mwaka 1884, bunge la Texas lilifanya kukata uzio kuwa kosa kubwa la jinai. Lakini pia liliwalazimisha wenye uzio unaokatiza barabara ya umma kuweka mlango kila baada ya maili tatu, karibu kilomita 5. Sheria ililinda uzio, na wakati huo huo ikalinda njia.

Sisi hatuhitaji kwenda Texas kutafuta mafundisho. Katika Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashamba makubwa ya wakati wa ukoloni yaligawiwa watu wapya baada ya hatua ya Zaïrianisation ya tarehe 30 Novemba 1973, na mengi yakawa malisho ya ng'ombe. Wakulima walioishi humo kwa mila walijikuta nje ya uzio. Vurugu za Machi 1993 zilizoanzia Ntoto, Walikale, na kusambaa Masisi zilikuwa na sababu nyingi, lakini ardhi ilikuwa mojawapo ya zile kubwa. Huko Djugu, Ituri, ugomvi juu ya mipaka ya mashamba ya kufuga, huku baadhi ya wenye konsesio wakishutumiwa kutaka kuyapanua juu ya ardhi ya vijiji, ulikuwa miongoni mwa cheche zilizowasha vita vya 1999. Maelfu ya watu walikufa katika miaka iliyofuata.

Uzio pia unaweza kuleta heri. Huko Chepareria, katika kaunti ya Pokot Magharibi nchini Kenya, ardhi ilikuwa imechakaa kwa kulishwa bila kupumzika. Kuanzia mwaka 1987, kwa msaada wa shirika la Vi Agroforestry, familia zilianza kuzungushia sehemu za ardhi kwa miti hai. Majani yalirudi, na watu wakaanza kuuza maziwa na majani ya mifugo. Hata hivyo, hata huko kugawanya ardhi ya pamoja kulileta maswali ya mipaka kati ya majirani.

Kwa shamba la Lusangi, funzo ni dogo na la vitendo. Kila njia iliyotajwa katika PV ipate mlango wake. Mlango wa lori uwe na upana wa mita 4. Mlango wa watu unaweza kuwa mwembamba wenye kona, ambao mtu mwenye ndoo kichwani anapita lakini ng'ombe hawezi kujipinda. Mto usifungwe. Kama mifugo inakunywa mtoni, mahali pa kunywea pawe chini ya mahali watu wanapoteka maji, si juu yake.

Mifugo ya mtu mwingine ikiingia shambani, njia iliyokubaliwa ni kumwita mkuu wa kijiji aone uharibifu, si kuwapiga mishale mbuzi. Ni vizuri PV itaje pia jambo hili: nani atapima hasara, na nani atalipa ikiwa uzio wenyewe ulikuwa na tundu.

Na ukweli usemwe: uzio haumzuii mtu mwenye silaha. Katika teritwari ambayo imeonja makundi ya Mai-Mai, usalama wa mifugo unategemea zaidi uhusiano na kijiji kuliko idadi ya mistari ya waya. Jirani aliyeachiwa njia ya maji ndiye atakayepiga simu usiku.

Ratiba ya mwaka wa kwanza

Kwa anayeanza, kazi inaweza kupangwa hivi.

Kabla ya kiangazi: kukutana na familia yote ya muuzaji, kumwona chifu, kutembea mpaka na kuandika PV. Ombi lipelekwe ofisi ya ardhi. Konsesio ya mashambani isiyozidi hekta 200 inahitaji mkataba wenye saini ya gavana, kwa hiyo subira inahitajika.

Juni hadi Agosti: kusafisha mstari wa uzio, kulima ukanda wa kuzuia moto, kukata na kukausha nguzo, kujenga zizi la usiku.

Septemba na Oktoba: kupanda vijiti vya miti hai, kusimika nguzo za pembe, kufunga waya upande mmoja ambao mifugo ya kijiji hupita zaidi.

Novemba hadi Mei: kupalilia miti, kujaza matundu, kufuatilia uchunguzi na kazi ya mpima ardhi.

Mifugo inunuliwe mwisho. Wengi hufanya kinyume: wananunua ng'ombe kwa furaha mwezi wa kwanza, kisha wanakimbizana nao kwenye mihogo ya watu hadi mwezi wa sita. Anayeanza na mpaka hutumia mwezi mmoja kutembea na kusikiliza. Anayeanza na waya anaweza kutumia miaka kumi kwenye baraza la chifu na mahakamani, akilipa kila safari kwa mbuzi mmoja.